Sauti ya Mia Tano

Haya yalimpata rafiki wa dada yangu, fundi cherehani tunayemwita Sindano. Mchezo wa video aliokuwa akiucheza na wenzake uliachwa njiani na watengenezaji kwenye sehemu ya tatu, basi yeye na wenzake wakaanzisha kampeni mtandaoni. Watengenezaji wakaahidi kuufikiria tena endapo wangepata sauti zilizorekodiwa za mashabiki mia tano kabla ya Ijumaa saa kumi jioni.

Ijumaa saa tisa ilipungua sauti moja.

"Weka ya Ngazi," mwenzake alimwambia kwenye simu, akimtaja mchezaji mwenzao. "Si unazo zile alizokuwa akitutumia tukicheza?"

"Ngazi si tumemzika juzi tu, wewe?"

"Basi hatalalamika, shoga yangu."

Maneno yale yalimchafua roho, lakini miaka miwili ya kampeni isingepotea hivihivi. Akajifungia kwenye stoo ya vitambaa, ambako kelele za barabarani hazifiki, akazima taa iliyokuwa ikivuma, akavaa hedifoni asikilize sauti mojawapo ya Ngazi kabla ya kuituma. Sauti ile aliijua kwa moyo: "Twendeni tukamalize."

Safari hii, kabla ya maneno, alisikia mtu akitafuna. Alitafuna mdomo wazi, mate yakivutana, changarawe zikisagika menoni.

"Twendeni," Ngazi akasema, mdomo umejaa. Kisha akatema.

Sindano akaing'oa hedifoni na kuwasha taa. Sponji ya kushoto ilikuwa imelowa chapachapa, uzi wa makohozi ukining'inia. Ndani ya makohozi mlikuwa na udongo mwekundu, bado una uvuguvugu wa kinywa.