Chai Kwenye Basi Lisilo na Paa

Basi liling'oka Piccadilly, na Leonia Tarimo akajua amejifungia mwenyewe.

Lilikuwa basi jekundu la ghorofa mbili, lile la kutembeza watalii London, ghorofa ya juu haina paa. Ngazi ni moja tu, nyuma. Na juu ya ngazi hiyo alisimama mwanamume mweusi mwenye koti la mvua, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi. Viti vitupu vilikuwa tele na yeye hataki kukaa.

Kiti cha mbele kabisa, ubavuni mwa Leonia, alikuwa ameshaketi mwanamume wa pili, mweusi vilevile. Huyu alikuwa anatabasamu.

"Dada, hivi hapa mlima unaonekana?"

"Ukipanda juu kidogo," Leonia akajibu.

Neno la siri limekamilika. Basi huyu ndiye Kastori, mtu aliyefuatwa kutoka Moshi mpaka huku. Leonia alipaswa kushusha pumzi. Hakuzishusha, na mwenyewe hakujua kwa nini.

Kastori alikuwa nani? Ngoja nikueleze upesi, kabla basi halijafika mbali.

Mwaka ule wa 1978 mpaka wa Kenya ulikuwa umefungwa, lakini kahawa ya wakulima wa mlimani ilikuwa inavuka Holili kimagendo, malori kwa malori. Dereva mmojawapo alikuwa Kastori, kijana wa kijiji cha Kilema, hukohuko mlimani. Siku moja alimwona bwana mkubwa wa Moshi, yule anayewafungulia njia, akipeana mkono na Mzungu mnunuzi kichakani. Sura aliishika. Jina hakulijua. Mzungu alipogundua kuwa dereva ameona yasiyomhusu, akambeba hadi London, akamfanya mtumishi wa nyumbani, pasipoti ikafungiwa kabatini. Jumapili tu ndiyo aliruhusiwa kunyoosha miguu.

Jumapili moja Kastori akapiga simu misheni ya Kilema. Padri akamwita Leonia, ofisa wa usalama pale Moshi, naye na Kastori wakapanga kwa simu kila kitu: basi la watalii, kiti cha mbele, neno la siri. Mtu anayeshangaa majumba ya kale na ramani mkononi, London nani atamjali?

Neno hilo walilijua watu watatu. Leonia aliyelitunga, Kastori aliyeambiwa, na Ndugu Eliezeri, mkuu wa Leonia, aliyepewa taarifa kama kazi inavyotaka.

Picha ya Kastori haikuwapo. Ndiyo maana Leonia na Eliezeri walipanda Kilema kwa mama yake, Mama Tereza, kuuliza mwanawe yukoje. Mama akasema ni mrefu, mweusi, na vijana wa hivyo wako elfu, kisha akawaletea mbege, pombe yao ya ndizi. Kwanza akanywa funda moja yeye mwenyewe, mbele ya macho yao, ndipo akamnyooshea Leonia kata. Mlimani ndivyo ilivyo, anayekukaribisha ndiye anayeonja. Eliezeri si mtu wa mlimani, na ingawa Moshi amekaa mpaka nywele zimeingia mvi, desturi hiyo hakuacha kuitania. Alicheka, akaichukua kata yake kabla haijaonjwa.

"Nyie Wachagga mnaogopana," alisema. "Mimi mama namwamini." Akainywa yote.

Walipoaga, Mama Tereza aliushika mkono wa Leonia akawa hauachii. "Nirudishie mwanangu," alisema. "Hayo mengine ya serikali ni yenu."

Haya, turudi kwenye basi.

Mwenye tabasamu alifungua chupa yake ya Thermos, akamimina chai ya maziwa kwenye kifuniko. Mvuke ukapanda. Akampa Leonia.

Moja kwa moja.

Leonia alikishika kile kifuniko, hakukipeleka mdomoni. Mtoto aliyelelewa na Mama Tereza anampa mgeni wa kwao kinywaji bila kuonja? Hata awe London. Hata awe mwezini. Mdomo ungeonja wenyewe kabla kichwa hakijafikiri. Akamsikiliza tena na Kiswahili chake, kimenyooka mno, Kiswahili cha kusoma taarifa ya habari redioni.

Huyu si Kastori.

Kama siye, neno la siri kalipata wapi? Ama Kastori amepigwa mpaka akasema, ama Moshi kuna mdomo unaovuja. Leonia hakuwa na nafasi ya kuchagua.

Mvua ikaanza.

Watalii walipiga mayowe ya furaha, kisha mvua ilipozidi wakainama, wakafunika kamera zao na kukimbilia ngazi. Yule wa koti la mvua akawapisha mmoja mmoja, akarudi palepale. Juu wakabaki watu watatu. Kipaza sauti kiliendelea kusimulia kanisa la Mtakatifu Paulo kwa viti vilivyolowa.

"Kunywa, dada," mwenye tabasamu akasema. "Itapoa."

Gazeti lililokuwa mapajani mwake lilisogea kidogo. Chini yake kulikuwa na mdomo wa bastola, umeelekezwa mbavuni mwa Leonia. Kiatu chake kilikuwa kimeukanyaga mkanda wa mkoba wa Leonia, na ndani ya mkoba huo ndimo ilimokuwa bastola yake mwenyewe. Mbele ni kioo. Pembeni ni lami, chini kabisa, na magari yanapita. Nyuma ni ngazi, na ngazi ina mtu.

Leonia aliogopa. Tusidanganyane, jasusi naye ni mtu. Akaufikiria ule mkono wa Mama Tereza. Akinywa hii chai, yule mama atamsubiri mwanawe mpaka azikwe.

Ndipo kondakta akapanda juu, mzee mnene, akipaza sauti kwamba chini nafasi zipo, wanalowa bure. Gazeti likatulia. Tabasamu likarudi.

Leonia akasimama na kifuniko chake mkononi.

"Nampelekea chai yule pale," alisema. "Amelowa, maskini."

Mwenye bastola akabaki na bastola yake chini ya gazeti. Mbele ya kondakta angefanya nini?

Leonia alitembea kuelekea nyuma, akishika kiti kimoja baada ya kingine, mgongo wote ukisubiri risasi. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Wa koti la mvua akiwa mwenzake yule, anajua kilichomo, atarudi nyuma. Akiwa mtalii wa watu, Leonia ataimwaga chai kabla haijamgusa mdomo.

Akamnyooshea kifuniko. "Karibu," akasema kwa Kiswahili.

Yule mtu akaitazama chai. Akamtazama Leonia. Hakurudi nyuma wala hakunyoosha mkono.

"Onja kwanza," alisema.

Alisema kwa lafudhi ya mlimani, bila woga, jinsi mtu anavyomkumbusha ndugu yake aliyesahau adabu. Leonia nusura alie pale pale kwenye mvua.

"Mama Tereza anakusalimu," akamnong'oneza.

Uso wa Kastori wote ukabadilika. Maskini, alikuwa amepanda basi, akakuta mgeni anakimbilia kiti chake kando ya mwanamke asiyemjua. Nani rafiki, nani mwuaji? Akaona heri asimame karibu na ngazi.

Nyuma ya Leonia kiti kililia. Mwenye tabasamu alikuwa ameinuka na kumfuata, amebakiza hatua mbili tu, gazeti mbele.

Leonia aligeuka na chai ikaruka.

Ilimpata usoni, moto bado. Kastori akampita Leonia kwa hatua ndefu, akaudaka mkono wa bastola. Miaka ya kupakia magunia ya kahawa haikupotea bure. Mfupa ulilia. Basi lilikuwa juu ya daraja la Tower, na bastola ikaruka ukingo ikaenda kuzama mto Thames.

Leonia akaukimbilia mkoba wake kule mbele, akatoa pingu. Upande mmoja mkono wa yule bwana, mwingine bomba la kiti.

Kondakta alikuwa ameduwaa, kofia mkononi. Leonia alimwomba kwa Kiingereza cha upole awaite polisi, akamwambia bwana huyu hana haraka, tiketi yake ni ya siku nzima. Kisha akaiokota Thermos, akaifunga vizuri, wakashuka ngazi.

Kwenye gari la ubalozi alimwuliza Kastori swali moja tu. Neno lile, alimwambia nani?

"Sijamwambia mtu, dada. Hata usingizini."

Leonia akaikumbatia Thermos mpaka uwanja wa ndege.

Moshi, ofisi isiyo na kibao. Asubuhi nyeupe, mlima umejifunua wote.

Ndugu Eliezeri aliinuka na kumpa mkono. Akauliza habari za safari, akauliza na Kastori yuko wapi. Leonia akamwambia hakumpata. Alitokea mtu mwingine, alikuwa na neno la siri na chai nzuri tu. Hakuweza kuimaliza, akaona aje na iliyobaki.

Akaitoa Thermos mkobani. Akamimina kikombe kimoja, akakisukuma mezani.

"Karibu, mzee."

Eliezeri, aliyezoea kunywa kata ya kila nyumba bila kuuliza, alikitazama kile kikombe. Mkono ulikwenda nusu ya safari ukarudi. Paji la uso lilimlowa.

"Onja," alisema, akikirudisha kikombe. "Onja wewe kwanza."

"Kumbe leo na wewe umekuwa Mchagga," Leonia akasema.

Akakichukua kikombe, akanywa taratibu mpaka mwisho. Ilikuwa chai ya hoteli ya Magdalena, ng'ambo ya barabara, sukari imezidi kama kawaida yake. Ile ya London ilikuwa imebaki kwa mkemia.

Mlango ulifunguliwa. Waliingia maofisa wawili kutoka Dar es Salaam, na kati yao Kastori. Alimtazama yule mzee, akamtazama sana.

"Ndiye," alisema. "Yule wa kichakani."

Leonia akafunga Thermos, akaibana kwapani. Huko nyuma Eliezeri alikuwa anaomba apewe nafasi aeleze. Leonia hakugeuka.

"Twende, Kastori," alisema. "Mama ameshaionja mbege, anakusubiri wewe."