Kipokezi cha Pomboo

"Umemwona?"

"Ninamwona, bosi. Ametoka Kiminini kama amewashwa moto."

Wahu, afisa wa wanyamapori, alirudisha simu ya upepo kwenye dashibodi. Macho yalimuwasha. Tangu atoke Pwani hakuwa amelala kitandani.

Mbele yake, Subaru Forester nyeusi ililipita lori la mahindi kwenye kona. Dereva alikuwa Ngige, fundi wa mitambo aliyeajiriwa na watafiti wa pomboo kule Shimoni. Kando yake kulikuwa na begi aliloiba kwao.

Ndani ya begi, kipokezi.

Watafiti walikuwa wamewafunga pomboo vifaa vidogo mapezini ili wawafuatilie mahali wanapozalia. Kipokezi kile ndicho kilichonasa ishara zao. Ukiwa nacho, unamfikia mama na mtoto wake moja kwa moja. Mnunuzi alikuwa akingoja Uganda. Meli yake ilikuwa tayari baharini, na nyavu. Watoto wangeuzwa ng'ambo, wakaruke ndani ya mabwawa watu wapige makofi.

Wavuvi ndio waliowaonyesha watafiti mahali pale pa kuzalia. Walikubali kwa sababu Wahu aliketi nao, akala nao, akawaahidi kwamba siri yao haitatoka.

Sasa ilikuwa ikitoka kwa kasi ya kilomita mia na thelathini kwa saa.

Kamukuywa.

Webuye.

Mji wa Bungoma.

"Mpakani Malaba tumeziba," Rotich, mkuu wake, alisema redioni.

"Haendi Malaba. Amekata kuelekea Bumula. Anatafuta njia ya panya."

"Basi piga tairi."

Wahu alishusha kioo, akachomoa bastola yake ya Glock. Subaru ilikuwa karibu. Akalenga.

Kisha akasikia njuga.

Agosti. Msimu wa tohara. Kijana wa kutahiriwa, njuga mikononi, alikuwa akizungushwa kualika jamaa, na ukoo mzima ulikuwa nyuma yake ukiimba, umejaza barabara ukingo hadi ukingo. Mtu wa Bungoma angezima gari na kusubiri. Ngige alikuwa mtu wa mjini, wa mtaa wa Tuwan, Kitale.

Alipiga honi. Halafu akausukuma msafara kwa bampa.

Wimbo ukakatika.

Wahu aliifungia bastola garini. Risasi moja hapa, na kungekuwa na maiti. Akashuka, akatembea polepole, mikono wazi.

Ngige alikuwa tayari amevutwa nje, amelikumbatia begi. Mwanamume mwenye kofia ya manyoya alikuwa ameshika ufunguo wa Subaru.

"Ati unatupigia honi?" alifoka. "Sisi ni ng'ombe?"

"Mzee, nina haraka bana!"

"Haraka? Mtoto wangu anaitwa na ukoo, wewe unaitwa na nani?"

Watu walicheka, kicheko kibaya. Mtu aliokota jiwe.

"Shikamoo, baba," Wahu alisema. "Naitwa Wahu. Huyu ni wangu. Nimemfuata kutoka mbali."

"Mimi ni Wanjala, baba mdogo wa huyu kijana. Ni bwana yako?"

"Mungu apishe mbali! Ni mwizi."

"Ameiba nini?"

Wahu hakuona sababu ya kuficha. "Chombo cha kutafuta pomboo. Wanyama wa baharini."

"Baharini! Na unawatafuta Bumula?"

"Nawazuia wasitafutwe, baba. Huyu anataka kuuza watoto wao. Wananyonya bado."

Wanjala alimsogelea. "Hao samaki wananyonya?"

"Si samaki. Mama akizaa, wenzake huja kumsaidia. Wanamwinua mtoto juu avute pumzi."

"Kumbe wana ukoo." Wanjala alimgeukia Ngige. "Leta begi."

Ngige aliangalia jiwe lile, akaliachilia begi. Wahu alifungua zipu. Kipokezi kilikuwa kizima.

"Lakini huyu hatumpi wewe sasa," Wanjala alisema. "Ametuvunjia wimbo. Atatusindikiza mpaka nyumbani. Na hakuna mtu atamgusa."

Jiwe likaanguka chini.

Wahu aliegemea gari lake, akampigia Shee, mvuvi wa Shimoni.

"Mzee Shee, kimepatikana."

"Nilikuwa naogopa kwenda kuwatazama, mwanangu. Leo nitaenda."

Redio ikakoroma. "Mzigo?"

"Ninao."

"Ngige?"

"Anacheza, bosi."

"Anafanya nini?"

"Tuma askari Bumula wafuate njuga. Watamkuta katikati, amevalishwa majani."

Alizima redio, akalitundika begi begani, akavuka barabara kutafuta chai.