Njia ya Kurudi Haimo Kitabuni

Alhamisi ile, ikikaribia Magharibi, Afra alitumwa na bosi wake kazi ya dakika ishirini tu. Avitoe rafuni vijitabu vyote vya Tunisia vilivyosalia, avipange kwenye makatoni, avishushe chini kwenye gari. Bwana Marhoon hakusema kwa nini. Naye Afra hakuuliza. Wote wawili walijua.

Ofisi yao ilikuwa Al Khuwair, mjini Maskati, ghorofa ya tatu, ofisi ndogo ya tikiti na hoteli. Wenzake walikwishaondoka. Waliobaki ni yeye na Nakitto, binti wa Kiganda anayesafisha jengo, ambaye alikuwa akipiga deki kule kwenye ujia huku akiimba kwa sauti ya chini.

Kijitabu kile Afra alikiandika mwenyewe, tena kwa Kiswahili cha nyumbani, kwa ajili ya wazee waliotoka Unguja ambao Kiarabu cha kusoma kinawapa tabu. Kilipendwa mno. Mabibi wa Al Hail na Al Amerat walimpigia simu kumshukuru. Kiliwaambia kwamba plagi za huko ni za pini mbili za mviringo, zetu za pini tatu haziingii. Kwamba dinari ya huko hairuhusiwi kutoka nchini, kwa hiyo badilisha kidogo kidogo na risiti usitupe. Kwamba teksi za kuchangia haziondoki mpaka zijae, basi mtu asiwe na haraka.

Jambo moja hakikusema. Hakikusema kwamba mwandishi wake hajapata kukanyaga Tunisia hata siku moja.

Yote aliyatoa kwenye simu, amekaa kitako nyumbani kwao Al Hail. Mengi yalikuwa sahihi. Lakini ukurasa wa ishirini na mbili ulipungua mistari mitatu, na mpiga chapa alikuwa anangoja. Ukurasa wenyewe ulihusu uwanda mkubwa wa chumvi ulioko kusini ya nchi ile. Afra alitazama picha, akaona weupe mtupu na nyuma yake mitende. Akaandika: *Jioni, jua likishapoa, chumvi hukanyagika kama saruji. Tembea bila ya hofu mpaka kwenye mitende.*

Mitende ile ilikuwa mazigazi. Na chini ya chumvi, mbali kidogo na ukingo, mlikuwa na tope lisilo mwisho.

Bi Mahbuba wa Al Amerat, mjane wa miaka sitini na saba, alikwenda Tunisia na binti yake, Noof. Jioni moja alitoka hotelini kwenda kupunga upepo. Hakurudi. Walitafuta wiki tatu, kwa magari na kwa mbwa, wakaokota mkoba wake tu. Ndani mlikuwa na kijitabu, na ile mistari mitatu imepigiwa wino chini yake.

Familia ikasoma hitima bila ya maiti. Afra alikwenda. Alikaa mkekani pamoja na wanawake wengine, akala halua, akanywa kahawa, akaitazama picha ya marehemu iliyowekwa juu ya kabati: uso mwembamba, baka jeusi kidevuni. Noof alipomuuliza amemjuaje mama yake, alijibu kwamba alikuwa mteja wa ofisini kwao tu. Kisha akarudi nyumbani, akafungua kompyuta, akaifuta ile mistari mitatu kwenye tovuti ya ofisi. Ilimchukua chini ya dakika moja. Aibu yake ndiyo iliyokaa.

Basi alikuwa amepiga magoti mbele ya katoni la pili pale alipoisikia harufu. Ilikuwa harufu kama ya papa mkavu, lakini papa hayumo. Chumvi tupu.

"Assalaam alaykum, mwanangu."

Bibi mmoja alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja. Buibui lake lilikuwa jeusi, ila upindo wake ulikuwa mweupe, kama aliyepita kwenye unga. Shela ameivuta mbele, uso hauonekani.

Afra aliitikia salamu, akainuka, akaenda nyuma ya meza. Ndivyo mtu anavyofanya mteja akija. Bibi akaomba maji kwanza. Nakitto akamletea gilasi moja. Akaimaliza. Akaletewa ya pili, ya tatu, ya nne... Alikuwa hanywi kwa pupa. Alikunywa taratibu, kwa adabu, kama aliyeona haya kuwa na kiu kiasi kile.

Kisha akaanza kuuliza, sauti yake imekauka kama karatasi. Plagi za huko ni za pini ngapi? Afra akamjibu. Maji ya bomba yanyweka? Akamjibu. Teksi mtu mmoja anaweza kuikodi peke yake? Akamjibu, anaweza, akilipia viti vyote. Aliyasema yote kwa mkumbo, kama mtu asomaye alichokihifadhi. Maswali yalikuwa yanakuja kwa mpangilio. Ukurasa wa nne. Wa tisa. Wa kumi na tano.

"Na njia ya kurudi?" bibi akauliza. "Nimeitafuta kitabuni, mwanangu. Haimo."

Akainua kichwa. Shela ikarudi nyuma kidogo, na taa ya mezani ikamulika kidevu.

Baka jeusi.

Huko nje adhana ya Magharibi ikaanza. Afra angeweza kusema neno lolote. Angeweza kusoma aya, angeweza kulia, angeweza kuomba radhi. Aliyosema ni haya, na mpaka leo akiyakumbuka hufunika uso kwa viganja:

"Tumefunga, mama. Njoo Jumapili."

"Haya, mwanangu," bibi akasema. Akainuka polepole, akatoka.

Nakitto alisimama mlangoni, dekio mkononi, akimtazama anavyoishia. "Madam," akanong'ona, "huyo mama amepita wapi? Lifti haijapanda tangu saa kumi, na ngazi zote nimezipiga deki mimi. Hakuna alama."

Kiti cha wateja kilikuwa kimeganda chumvi nyeupe, punje kubwakubwa. Afra aliikung'uta kwa mkono wake mwenyewe, haraka, kabla Nakitto hajasogea.

Jumapili, siku ya kufungua ofisi, hakwenda kazini. Alisema ana homa. Ilipokaribia Magharibi simu ikalia.

"Madam, yule mama amerudi. Anasema ulimwambia aje leo."

Afra alikuwa kitandani, shuka mpaka kidevuni. Akamwambia Nakitto amjibu kwamba hayupo. Akasikia Nakitto akilisema neno lile kwa upole, kisha sauti ile kavu, mbali... Nakitto akarudi kwenye simu.

"Amesema hana neno. Atangoja."

Jumatatu alikuja. Jumanne alikuja. Nakitto alieleza kwamba bibi hamtishi mtu, hukaa tu, akanywa maji, akaulizia njia, na adhana ikiisha kiti kinakuwa kitupu. Lakini Jumanne ile Nakitto alilia kwenye simu. Hakulia kwa hofu. Alisema kwao, mtu mzima hangojeshwi hivyo. Akasema, kama madam anaijua njia, kwa nini hamwelekezi?

Na hapo ndipo Afra alipoona kina cha ubaya wake. Njia hakuwa akiijua. Hajawahi kuijua. Alikuwa amewapeleka watu mahali ambapo yeye mwenyewe hangeweza kutoka.

Jumatano aliishika simu tangu asubuhi. Alipiga hoteli hii na ile kusini ya Tunisia, akapewa namba ya dereva mmoja mzee anayefanya safari za kandokando ya uwanda ule. Mara hii hakutazama picha. Alimuuliza mzee yule mpaka akachoka: ukingo salama uko upande gani, lami iko wapi, mtu akishika lami atafika wapi. Aliandika kila neno. Mwishowe yule dereva akamuuliza kwani ni nani aliyepotea tena, yule bibi wa juzi si alisikia kwao wamekwishamsomea? Afra akasema ni huyohuyo. Dereva akamwambia kwamba hakuna mtu wa kwao awezaye kumwambia mgeni atembee juu ya chumvi ile. Angependa kumjua aliyeandika vile kwenye kijitabu cha mkobani.

"Ni mimi," Afra akasema. Alikuwa hajapata kulitamka mbele ya mtu.

Baada ya Alasiri alishika barabara ya mlimani, akashukia Al Amerat. Noof alimfungulia mwenyewe. Alikuwa amekonda. Walikaa jikoni, na Afra akaeleza yote: kitabu, ile mistari mitatu, kule kuifuta, uongo wake wa siku ya hitima. Alisema huku akitazama vigae. Alingoja kufukuzwa.

Noof hakumfukuza. Alimimina chai vikombe viwili, akaketi.

"Mama miwani yake aliisahau ndegeni," akasema mwisho. "Asingeweza kusoma kitu. Mimi ndiye niliyemsomea. Mimi ndiye niliyeipigia wino."

Akaeleza, kwa sauti ya chini kabisa, kwamba siku ile mama yake alimwomba watoke pamoja. Naye alikuwa amelala na simu yake, amechoka na maswali. Plagi, maji, teksi, toka asubuhi mama anauliza tu. Akamwambia nenda, mama, kitabu kinasema hapana hofu. Watu wote aliwaambia kwamba alikuwa usingizini.

"Anakuja kwako pia?" Afra akauliza.

"Kila Magharibi. Mlango huo wa uani. Mimi hata simfungulii. Humwambia, nenda kamuulize aliyeandika. Ni mimi n'liyemtuma kwako."

Walitazamana, na hakuna aliyeweza kumlaumu mwenziwe.

Mwanga wa dirishani ulikuwa umeshageuka rangi ya shaba, na milima nyuma ya nyumba imekuwa myeusi. Harufu ikatangulia. Ile ile. Chumvi.

Kisha mlango wa uani ukagongwa. Mara mbili, taratibu, kama agongavyo mtu anayeogopa kuudhi.

Noof aliinuka. Akaufungua.

Bibi hakuingia. Alisimama kizingitini, shela imemfunika uso, naye hakutamka jina la binti yake. Pengine hakumtambua. Akasalimu kama mgeni, akaomba maji, Noof akampa kwa mikono miwili. Akanywa. Kisha akauliza lile swali lake, neno kwa neno.

Afra akaikunjua karatasi. Haikuwa na haja, alikwishaihifadhi.

"Mitende hiyo usiifuate, mama. Si mitende. Ipe mgongo. Nenda upande linakotoka jua, ukanyage panapokwaruza tu, panapong'aa usikanyage. Utakuta barabara ya lami. Shika kushoto. Mwendo wa kilomita kumi na tisa pana kituo cha teksi za kuchangia, kibanda cha buluu na ukuta mweupe. Kaa kivulini hapo. Asubuhi watu watakuja."

Bibi akayarudia yote, polepole, bila ya kukosea.

"Ni mbali, mwanangu?"

"Ni mbali, mama." Mara hii hakutaka kumdanganya.

"Haya. Nilikuwa nataka kuambiwa tu."

Afra akaanguka magoti pale kizingitini. Akamwomba amwie radhi. Noof naye akapiga magoti ubavuni pake, akaomba vilevile, huku akimwita mama, mama... Bibi alisita. Ilikuwa kama ndiyo kwanza anaisikia sauti ile.

"Nikifika," akasema.

Akageuka. Uani mlikuwa na giza jepesi, ukuta na nguo zilizoanikwa. Hakufika ukutani.

Siku ya nne yake watu wa ubalozi walipiga simu. Bi Mahbuba amepatikana. Si kwenye chumvi. Madereva waliofika alfajiri walimkuta kwenye kituo cha teksi, ameegemea ukuta mweupe, amekaa upande wa kivuli, mikono mapajani. Amekwishafariki. Daktari wa kule alisema mwanzo kwamba marehemu hana zaidi ya siku moja tangu akate roho. Alipoambiwa kwamba bibi huyu amepotea siku arobaini na sita, aliifuta kauli yake. Akaandika kwamba chumvi huhifadhi mwili, hilo linajulikana. Nani aliyeutoa mwili huko na kuuweka pale, hakuandika.

Maiti ililetwa Maskati, na Noof akamwosha mama yake kwa mkono wake, yeye na shangazi zake. Afra alisimama nje, kando ya lango, hakuwa na uso wa kuingia. Alikuwa akijiambia lile alilokuwa akijiambia tangu simu ile: chumvi huhifadhi mwili. Alifariki siku ileile ya kwanza. Hakuteseka. Aliyekuwa akija alikuwa roho yake tu, au jini, au dhamiri zao wenyewe. Lolote, almuradi si lile la daktari la mwanzo.

Noof akatoka, mikono yake bado imelowa. Alikuja mpaka alipo Afra, akasimama karibu sana, ili wengine wasisikie.

"Chumvi inahifadhi mwili," akasema. "Nimesoma mimi pia."

Afra akaitikia kwa kichwa.

"Nyayo zake, Afra. Zimejaa malengelenge. Mabichi. Mengine yalikuwa bado yanatoa damu."