Mama Asijue Habari ya Papa

Jumamosi ile duka la vyakula vya Kiafrika pale Adelphi, Marekani, lilikuwa limefurika. Chelagat, na gauni lake la kitenge cha manjano, alikuwa ameinamia unga wa ugali sanduku jeusi la magurudumu lilipompanda kidole cha mguu.

"Woi! Umebeba maiti humo?"

"Pole sana, dada. Ni kamera," akasema kijana mrefu aliyebabuliwa na jua mpaka puani. "Napiga picha za papa. Naingia nao majini, bahari kuu. Naitwa Gitau, wa Nyahururu."

"Nyahururu! Huko milimani uliogelea wapi, kwa karai?"

Gitau alicheka mpaka watu wakageuka, na namba ya simu akapewa. Mwezi haukuisha kabla hajaanza kumsubiri nje ya nyumba ya kutunzia wazee Chelagat alikokuwa mhudumu, wakala chapati garini, yeye bado na sare yake ya bluu.

"Nakuomba kitu kimoja tu, Chela. Mama ana presha. Anajua napiga picha za harusi. Habari ya papa asiijue."

Siri hiyo Chelagat aliitunza mpaka Oktoba, Gitau alipopanda meli kwenda kupiga filamu mbali na pwani ya North Carolina. Siku ya tatu hofu ikamzidi. Akaandika kwenye grupu la maombi la kanisa: "Wapendwa, mniombee Gitau wangu, yuko baharini na papa." Jamani, grupu la maombi! Hata amina hazijaisha, ujumbe ulishafika Nyahururu.

Gitau akapiga kwa simu ya meli, sauti ikikatikakatika.

"Nilikuomba kitu kimoja, Chela! Mama akianguka je?"

"Niliogopa, mpenzi..."

"Basi. Tusipigiane."

Siku nane, kimya. Chelagat aliogesha wazee wa watu huku roho iko mkononi. Aliogopa papa watamla, na aliogopa vilevile kwamba atarudi mzima na asiwe wake tena.

Siku ya tisa ikaita namba ya Kenya.

"Wewe ndiye Chelagat? Ni Mama Gitau."

"Mama, nisamehe. Presha yako..."

"Presha iko sawa. Miaka minne ya harusi na hajanitumia picha ya bi harusi hata mmoja! Jina lake nililiona mwisho wa filamu ya papa kwa TV ya jirani. Nikanyamaza, asiingie majini akiniwaza mimi. Sasa nimejua kuna mtu anamlilia huko. Ametoka majini leo asubuhi, mzima. Anakuja."

Chelagat alilia kwa furaha, bila aibu.

Jioni, zamu ilipoisha, Gitau alikuwa amesimama penye magari, ananuka dizeli na samaki, simu mkononi. Chelagat alimpiga mkoba kifuani, kisha akamkumbatia.

"Siku nane, Gitau!"

"Nilikosea, mpenzi. Nisamehe. Mama amenigombeza kutoka bandarini mpaka hapa."

"Na sijamaliza!" simu ikapaza sauti. "Unapiga picha za harusi, sivyo? Nataka kuona moja, na wewe uwe mbele ya kamera!"

Gitau akapiga goti hapo hapo kwenye lami.

"Umesikia, Chela. Unasemaje?"

Chelagat akamnyang'anya simu.

"Mama, usikate. Nataka usikie nikimjibu."

Halafu akasema ndiyo, kwa sauti ya kufika Nyahururu bila simu.