Mkwe Wangu, Feni ya Bafuni na Siku Tatu Nilizonyamaza

Mkwe wangu alidondoka kutoka juu ya ngazi bafuni... na mpini wa ufagio niliopandishia swichi kuu ulikuwa bado mkononi mwangu!

Jamani, sikupiga kelele. Sikulia. Nilisimama koridoni kama gunia.

Mke huyu wa mwanangu ni fundi umeme. Siku hiyo alikuwa anafunga feni ya kutolea mvuke, kwa ajili ya kifua changu. Kuta za bafu zimeota ukungu, nami kila nikioga nakohoa. Wala sikumwomba.

Alizima swichi kuu, akapima waya kwa testa, akapanda ngazi.

Mimi nilikuwa uani naanika nguo. Naingia ndani, birika la umeme limezima. Nikajua swichi imejiangusha tena. Kwetu ukiwasha birika na pasi pamoja hujiangusha, na kuipandisha ni kazi yangu. Nikaisukuma juu kwa ufagio.

Puu!

Hospitali, mwanangu alifoka mbele ya nesi.

"Fundi gani wewe, unashika waya zenye umeme?"

"Nilisahau kuzima," mkewe akajibu. Mkono umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko.

Nilisikia. Nikanyamaza...

Siku tatu nilikula, nilifagia, nililala. Sikuhisi ladha wala uchungu.

Siku ya nne nilikuwa namchana nywele, maana mkono wake haunyanyuki.

"Mwanangu, swichi niliipandisha mimi."

"Najua, Mama. Nilisikia kandambili zako koridoni."

"Sasa mbona ulijisingizia?"

"Mume wangu anasema umezeeka, uhamie kwa wifi. Angepata sababu."

Nikaendelea kuchana.

Jioni nikafunga begi langu, nikamweleza mwanangu yote.

Akakaa chini sakafuni, na suruali yake ya kazini.

"Mama... asubuhi ile mke wangu aliniagiza nikuambie usiguse swichi. Nilisahau. Nikajiondokea."

"Na siku zote hizi unamfokea?"

"Niliona aibu, Mama."

Kumbe yule binti alikuwa ametubeba wote wawili!

Mwanangu akaenda kumpigia magoti mkewe.

"Ondoka hapo," akaambiwa. "Kanifulie nguo zangu za kazi. Na begi la Mama lirudishe chumbani."

Akaenda, mpole kama kondoo.

Wapendwa mnaonisoma, anayefunga feni ya bafuni asiishie kuzima swichi kuu. Aifunge kwa utepe, abandike karatasi, amwambie kila mtu wa nyumba kwa mdomo wake mwenyewe, asiagize. Waya zipimwe kabla ya kuguswa. Kama hujui, mwite fundi.

Na ukiona mtu amebeba kosa lako, mtue mapema. Mimi nilichelewa siku tatu nzima, na bado ananiita Mama.