Sauti ya Kituo Kingine

Kila alasiri, binti alipotoka shule, alifagia karakana ya shangazi yake, fundi redio, akapanga bisibisi kwa ukubwa, kisha akawasha redio kubwa ya dirishani. Mvua zilikuwa zimewahamishia watu wa bondeni madarasani, juu kilimani, na kila siku walikuja hapo karakanani kusikiliza taarifa ya mto.

Siku hiyo wingu lilikuwa jeusi tii. Redio ilikoroma, kisha sauti ya mwanamke ikasema: "...maji yameshuka. Waliohama warudi majumbani mwao."

"Afadhali!" mshonaji mmoja wa bondeni alisema. "Mgongo umekwisha kwa kulala sakafuni." Akajitwika cherehani yake, akaita wanawe wawili, wakatangulia kuteremka.

Binti aliduwaa. Sauti ile aliijua. Ilikuwa ya kituo cha mbali, kisichohusika na mto wao, kilichokuwa upande mwingine kabisa wa ubao ambao mshale wa redio huonyesha vituo, alikozoea kusikiliza nyimbo. Na jana, ili nyimbo zisikike vizuri, alizungusha skurubu ndogo iliyo karibu na antena, ile aliyokatazwa kabisa kuigusa. Akisema, je, atafukuzwa karakanani? Huko chini mto ulinguruma.

"Shangazi," alisema, machozi yakimlengalenga, "huyo si mtangazaji wetu. Jana niligusa ile skurubu."

Shangazi hakufoka, na hilo lilimtisha zaidi. Alisogeza mshale hadi upande wa pili. Sauti ileile ya mwanamke ilisikika na huko.

"Skurubu hii ni bawabu," alisema, bisibisi mkononi. "Kila kituo kina mwenzake aliye umbali maalumu kutoka kwake kwenye ubao wa mshale. Wakiingia wote wawili, redio huwageuza kuwa wimbi moja, haiwezi tena kuwatofautisha. Bawabu akilala, mgeni anakalia kiti cha mwenyeji."

Akaizungusha polepole. Mwanamke akafifia, akaibuka mwanamume: "...narudia, maji yanapanda. Mtu yeyote asishuke bondeni!"

"Kimbia, mwanangu!"

Binti alitimua mbio, akipiga kelele hadi koo likakauka. Alimkuta mshonaji mlangoni kwake, maji yakimfika magotini. Cherehani iliachwa palepale. Kila mmoja alibeba mtoto. Walipofika juu na kugeuka, nyumba ilibaki paa tu.

Jioni binti alitetemeka ndani ya blanketi.

"Adhabu yako ipo, usidhani nimesahau," shangazi alimwambia, akimfuta matope usoni. "Lakini sikiliza. Skurubu niliweza kuirudisha mahali pake. Ungenyamaza, wale watoto ningewarudishaje?"