Breki ya Mwalimu Obbo

Siku ya soko, stendi ya mabasi ya Tororo haikuwa na nafasi ya mtu kuchagua pa kukanyaga. Edah alishuka kwenye basi la Busia akiwa amemshika mdogo wake Chrispinus mkono wa shati, utadhani kijana wa miaka kumi na sita angepotea. Alikuwa amevaa gauni jeupe la poplini alilolishona mwenyewe, lenye kola ya samawati, na kilemba cha rangi ya kola ile. Alilivaa makusudi. Alitaka wenye gereji wamwone mtu, wasimwone mwombaji.

Gauni halikumsaidia. Hadi kufika adhuhuri, gereji zote za mjini zilikuwa zimekataa kumpa Chrispinus kazi. Mwenye moja alisema kijana bado mdogo, mwingine akataka cheti cha shule ambacho Chrispinus hakuwa nacho, na wa mwisho hakuinua hata macho. Wakarudi stendi.

Katikati ya magunia na vikapu vya kuku, mwanamume mmoja mrefu alikuwa anasukuma pikipiki kubwa iliyozimika. Mbuzi akakatiza mbele yake. Mtu yule akageuka ghafla kumkwepa, na mkono wake uliojaa oili ukajifuta begani mwa Edah, kuanzia kola mpaka kiwiko.

"Pole sana, mama," akasema. "Mbuzi hii haina adabu."

Edah alilitazama doa. Alikuwa amechoka mno hata hasira ilimjia polepole.

"Unajua nililishona siku ngapi gauni hili?"

"Nakwenda kusafisha. Petroli inatoa oili. Karakana yangu iko pale, nyuma ya kituo cha petroli."

"Na harufu ya petroli itatolewa na nini?"

"Jua itatoa. Na mimi nakuomba radhi mpaka ikauke."

Edah nusura acheke. Akageuka kumtafuta Chrispinus, akamkuta amechutama kando ya pikipiki, kidole chake kinafuata bomba la petroli kutoka tangini hadi kwenye kabureta, polepole, kama mtoto anayesoma neno refu. Hakuwa anasikia kelele za stendi tena.

"Wewe ni fundi wa hizi?" Edah akamwuliza mtu yule.

"Hizi tu. Jina yangu Odoi."

"Basi, fundi Odoi, gauni sitaki ulisafishe. Mchukue huyu mdogo wangu umfundishe kazi."

Odoi akacheka mpaka akaegemea pikipiki. "Kijana mzima kwa doa moja?"

"Doa lenyewe ni kubwa."

Ndivyo Chrispinus alivyopata kazi, mwaka wa pili baada ya bendera mpya kupandishwa upande wa Kenya.

Edah alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Mama yao alipofariki, alibaki na wadogo watatu na cherehani moja. Alishona kwenye veranda ya duka la Mhindi mmoja, Busia, na kwa cherehani ile aliwalea wote. Alikuwa na mchumba, karani wa Kisumu, ambaye kila mwaka aliambiwa asubiri kidogo, hadi siku moja akaacha kusubiri. Wadogo wawili walikwisha kuoa na kuolewa. Aliyebaki ni Chrispinus, aliyeshindwa mtihani lakini akaweza kuifungua cherehani ya dada yake yote, akaifunga tena, na ikashona.

Odoi alimweka kijana katika chumba cha nyuma ya karakana. Kwa wiki nyingi hakumpa kazi nyingine ila kuosha nati kwa petroli na kuziba mipira ya magurudumu. Akamfundisha kuchukua spana bila kuitazama, kwa kupima mdomo wa spana kwa kidole gumba. Pikipiki ya mteja ilipoletwa, alimwambia afumbe macho asikilize injini. "Usiniambie kwanza imeharibika nini," alisema. "Niambie inalia wapi."

Kila Jumamosi Edah alikuja na samaki wa kukaanga. Odoi, aliyekuwa amefiwa na mkewe miaka mingi na kuzoea kula peke yake amesimama, alianza kunawa mikono kwa sabuni kabla basi la Busia halijafika. Mable, mama aliyeuza chai mlangoni pa karakana, aliona hayo yote, akaongeza benchi.

Katikati ya wiki Odoi alipiga simu. Kituo cha petroli kilikuwa na simu, na duka la Mhindi pia.

"Mulembe, Edah."

"Umejifunza Kisamia lini?"

"Kijana yako ananifundisha. Anasema nikisema vizuri utaleta samaki mbili."

"Mwambie ajifunze breki, aache mambo ya samaki."

"Breki anajifunza. Wewe unafanya nini?"

"Nashona sare za shule. Mgongo unaniuma."

"Pole, mpenzi."

Neno hilo lilikuwa halijawahi kutoka. Waya ukabaki unanguruma, na Mhindi akajifanya anapanga mabirika ya chai. "Odoi," Edah akasema mwishowe, "simu ni ghali." Lakini hakuiweka chini.

Siku ya Jumatano, mvua za msimu wa pamba zikiwa zimeanza, Chrispinus alishuka kwenye lori mbele ya veranda, bila ovaroli, bila mzigo wowote.

"Fundi amesema nirudi nyumbani kwanza."

"Umefanya nini?"

Kijana akatazama viatu vyake. Edah aliuliza kwa upole, akauliza kwa ukali, hakupata neno. Akaenda kwenye simu.

"Akae kwako kidogo," Odoi akasema. Sauti yake ilikuwa nzito, na nyuma yake watu walikuwa wanazungumza.

"Kwa nini?"

"Muulize yeye."

"Amekataa kusema. Sema wewe."

"Edah, hapa iko watu. Na hii si maneno yangu. Ngoja aseme."

"Mimi nimengoja maisha yangu yote, Odoi. Kama umemchoka, sema umemchoka. Kama umetuchoka sote wawili, sema pia."

Odoi alivuta pumzi. "Sijachoka nyinyi," akasema, lakini Edah alikuwa amekwisha kuweka simu chini.

Odoi alipopiga siku iliyofuata, Mhindi aliambiwa aseme Edah hayupo. Akapiga tena na tena, kisha simu ikanyamaza. Edah alishona. Jioni alikunja kazi, akapika, wakala na Chrispinus bila kutazamana. Hakulia. Alihisi tu kwamba amewahi kuipita njia hii, na kwamba safari hii miguu ni mizito zaidi.

Jumamosi alipanda basi kufuata blanketi na ovaroli ya mdogo wake. Alivaa gauni la kazini, la kahawia. Alikuta karakana imefungwa kwa kufuli. Mable alimsogezea benchi.

"Odoi hayuko. Anakwenda Merikit kila siku. Analima."

"Analima nini? Ana shamba Merikit?"

"Si yake. Ya Mwalimu Obbo, ile mwalimu ya kanisa." Mable akamimina chai, akashusha sauti. Obbo alileta pikipiki yake itengenezwe breki. Siku ya pili aliteremka nayo kilima, breki ikakataa, akaingia mtaroni. Mguu ulivunjika chini ya goti. Polisi walikuja karakana wakauliza nani alifunga breki ile. "Odoi akasema, mimi. Kijana alikuwa amesimama pale. Odoi akamtuma nyumbani asikae mbele ya polisi. Lakini mimi nilikuwa hapa na birika yangu, mama. Niliona mkono ya nani ilifunga breki ile."

Edah hakumaliza chai. Wakati anapiga simu ile, watu waliosikika nyuma ya Odoi walikuwa wale polisi.

Aliporudi Busia alimkuta Chrispinus ameketi kizingitini. Akaketi kando yake, begi likiwa tupu.

"Nimeambiwa mguu wa Mwalimu Obbo umevunjika," akasema.

Kijana aliinama mpaka kichwa kikagusa magoti. Maneno yalitoka vipande vipande. Odoi alikuwa amempa breki ile aifunge peke yake, ya kwanza katika maisha yake. Alikuwa na haraka ya kuonyesha amemaliza. Nati ya waya wa breki aliizungusha kwa vidole, akasema ataikaza kwa spana, kisha mteja akaingia na habari za mpira wa miguu, akasahau. "Fundi hakunipiga, dada. Angenipiga ningesema. Aliniangalia tu, akasema nitakapoweza kusema mwenyewe, nirudi."

"Unaweza?"

"Twende wote," akasema.

Asubuhi ya Jumatatu walifika Merikit, Chrispinus na jembe begani. Obbo, mtu mwembamba mwenye mvi, alikuwa kwenye kiti chini ya upenu, mguu umefungwa plasta na kuwekwa juu ya kigoda. Chrispinus alipiga magoti mbele yake.

"Mwalimu, breki niliifunga mimi. Nati sikuikaza. Si fundi."

Obbo aliugusa ule mguu wenye plasta. "Mguu unauma sawasawa," akasema, "awe alifunga fundi ama wewe. Na pamba inataka jembe, na watoto yangu bado ni wadogo." Akafumba macho kidogo. "Polisi nimeshawaambia sina kesi. Pikipiki iko nyuma ya nyumba. Mimi nitapanda tena, sina kitu kingine ya kunifikisha kwa watu yangu. Utaifunga wewe. Hapa mbele yangu. Na kila nati utaniambia jina yake."

Odoi alikuwa upande wa chini wa shamba. Shati lilikuwa limegandamana na mgongo, na mikono yake, iliyozoea spana, ilikuwa imefungwa matambara mahali malengelenge yalipopasuka. Alipomwona Edah aliacha jembe limesimama udongoni.

"Amesema?"

"Amesema. Amepiga magoti akasema."

Odoi aliitikia kwa kichwa. Uso wake ukalegea, akaonekana mzee kuliko umri wake.

"Ungeniambia, Odoi."

"Ningekuambia, wewe ungekuja kusema badala yake. Kazi hii, mtu anapanda juu ya mikono yako. Kama kijana hawezi kusema mimi nilikosa, iko siku ataua mtu." Akamgeukia. "Lakini wewe nilikuumiza. Hiyo ni kosa yangu."

Edah alifungua kilemba chake, akachana ukingo wa kitambaa, akamshika mkono. Alianza kubadilisha matambara, na kazi hiyo ilimruhusu asimtazame usoni.

"Nilidhani umeondoka kama yule mwingine," akasema. "Sikuwa na nguvu ya kukufuata nikuulize. Nimechoka, Odoi. Si leo tu."

"Hata mimi."

"Najua."

"Basi tuchoke nyumba moja," Odoi akasema.

Edah alifunga fundo, akalikaza. Kutoka nyuma ya nyumba walisikia Obbo anauliza kitu, na sauti ya Chrispinus inajibu, kwanza chini chini, kisha vizuri zaidi.

"Cherehani yangu haiwezi kukaa penye oili."

"Nakwenda kujenga veranda. Upande wa mbele, mbali na oili."

"Na kwetu huji peke yako. Uje na wazee wako kwa baba mdogo, Jumapili baada ya kanisa. Uvae shati safi."

"Nitavaa. Na mikono hii?"

"Mikono waione hivyo hivyo."

Wingu lilikuwa linajikusanya upande wa mwamba wa Tororo. Edah alivua viatu akaviweka kwenye ukingo wa shamba, akachukua jembe la mdogo wake. Mstari wa kupalilia ulikuwa bado mrefu. Wakaenda nao pamoja, polepole, kila mmoja upande wake wa pamba.